Pua ya Mwonja Kahawa

Watu wa kawaida hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu na nepi begani na blauzi iliyolowa maziwa, na anayetaka kunicheka anicheke sasa hivi, maana huko mbele tutacheka wote na sitakuwa na muda wa kumsubiri mtu.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mlioajiriwa mahali pangu, pale duka la dawa, mtaa wa nyuma ya soko, Moshi mjini. Nasikia mko wawili. Wawili! Kwa kazi niliyoifanya peke yangu, mtoto mgongoni. Hasira ninazo, sifichi, na cha ajabu ni kwamba hasira zenyewe zinanichekesha. Tangu nitoke pale natembea kama mtu aliyekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tumbo likiwa tupu. Mambo ya mshahara siandiki. Mtayaona wenyewe. Nawaandikia kuhusu pua, kwa sababu bosi hatawaambia, na kwa sababu pua moja ndiyo iliyonitoa kazini. Ningepewa nafasi ningetoka tena kwa ajili yake, mbio.

Nilianza miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ambapo kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikigeuza duka. Nilikuja kutoka Shirimatunda kwa miguu, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, viatu vya dada yangu miguuni. Bosi aliangalia viatu, hakuangalia cheti. Akanikabidhi kwa Sista Haikaeli.

Sista Haikaeli alikuwa muuguzi mstaafu, mstaafu wa kweli, mwenye mvi zake kichwani na mikono iliyopauka kwa sabuni ya wodini. Nyuma ya kaunta alikuwa ametundika kioo kidogo, kile cha kunyolea ndevu. Nikadhani ni cha kujitazama uzuri.

"Unaitwa nani?"

"Witnes."

"Haya Witnes, jipulize." Akanipa kichupa cha spreyi ya pua alichokiosha na kukijaza maji safi.

Nikarudisha kichwa nyuma kama mtu anayemalizia kata ya mbege, nikabonyeza, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Maji yakapita pua, yakapita koo, nikakohoa mpaka mteja aliyekuwa anaingia akageuza akarudi nje.

"Umekunywa," Sista akasema, uso mkavu. "Sasa jifunze kupuliza."

Akanisimamisha mbele ya kioo. Penga kwanza, usipenge kama unaita ng'ombe. Tikisa chupa. Kichwa kiiname kidogo, kama unasoma gazeti lililo mezani. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ndiyo, hivyo hivyo, mikono ipishane. Ncha ya chupa ielekee nje, upande wa sikio, usiulenge ule ukuta wa katikati ya pua, ukiulenga kila siku utatoka damu. Bonyeza huku unavuta pole pole. Basi. "Ukiisikia kooni," akasema, "dawa imekupita, imekwenda safari zake."

Nilirudia siku nzima. Jioni nilikuwa na pua safi kuliko mtu yeyote mkoa wa Kilimanjaro, na sikuwa nimeuza hata panadoli.

Sasa kuhusu matone. Mtayakuta kaunta ya mbele, bosi ameyapanga kama peremende. Yale ya kuzibua pua. Nayachukia mpaka leo. Siyo kwamba ni sumu. Kwa mafua makali, siku chache tu, yanasaidia. Lakini mtu akiyazoea, pua inafunguka anaruka ruka kwa furaha, baadaye inafunga kuliko mwanzo, anatia tena, inafunga zaidi, anatia tena, mpaka anatembea na kichupa mfukoni kama anavyotembea na funguo za nyumba. Bosi aliwaita hao "wateja waaminifu." Mimi niliwaita mateka. Nilimwambia hivyo mbele yao. Hakupenda.

Spreyi ya steroidi ni jambo jingine, na msimpe mtu kwa kubahatisha, aje na cheti cha daktari. Ni ya mtu ambaye pua yake inakasirikia vumbi, moshi, maua, manyoya ya paka; anapiga chafya, anawashwa, anatiririka au anaziba, msimu baada ya msimu. Dawa inautuliza huo uvimbe wa ndani. Lakini haina haraka. Sista alikuwa akiwaambia watu wa migombani: "Hii ni samadi. Huwezi kuitia leo ukakata ndizi kesho." Mtu apulize kila siku, hata siku anayojiona mzima, na asubiri siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, kabla hajaanza kututukana.

Watu waliliogopa hilo jina. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye chaki ilimfanya apige chafya mpaka watoto wakawa wanahesabu kwa sauti, aliniuliza kama ataota kifua cha mnyanyua vyuma. Mama mmoja aliuliza kama ataota ndevu. Sista akamjibu, "Mama, dawa hii ni kidogo na inabaki puani. Ndevu zikiota, ni za ukoo." Lakini alikuwa anauliza pia, kila mara: una dawa nyingine unazotumia? Unatokwa damu puani? Macho yako yana tatizo lolote? Damu ikiendelea, acha, rudi kwa daktari. Msikariri utani wake mkayasahau maswali yake.

Basi, tuje kwa Mzee Kimaro.

Aliingia msimu wa vumbi, koti la kijivu, kofia mkononi, anapumulia mdomo. Glori wangu alikuwa amezaliwa juzi juzi tu, analala chini ya kaunta ndani ya boksi la chupa za dripu, maana mama mkwe alisema yeye alishalea wa kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe yale matone."

"Unayatumia tangu lini?"

"Tangu huyo bosi wako hajaota kitambi."

Sista Haikaeli akainua kichwa. Kitambi cha bosi kilikuwa cha siku nyingi. "Kimaro," akasema, kwani walifahamiana, "harufu unasikia?"

Mzee akaangalia mlango. Akainama juu ya kaunta kama anayetaka kununua kitu cha aibu.

"Msinitangaze. Sisikii kitu. Ndizi zikiungua jikoni naona moshi tu. Gari la dagaa likipita, mke wangu anaziba pua, mimi naona gari."

"Na kazini?"

"Kazini naonja kwa nyusi."

Mzee Kimaro alikuwa mwonja kahawa. Kwa asiyejua: kahawa kabla haijauzwa, kuna watu wanainamia vikombe vilivyopangwa safu, wanachota kwa kijiko, wanafyonza kwa kishindo kama kitambaa kinachochanwa, ili kahawa itawanyike mdomoni na harufu yake ipande puani. Halafu wanatema kwenye ndoo, wanasogea kikombe kingine. Neno lao linapandisha au kushusha jasho la mwaka mzima la watu wa mlimani. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaja, kampuni moja ilimchukua yeye, kwa sababu jina la pua yake lilikuwa limeshafika mbali. Na pua yenyewe ikafa akiwa pale pale mezani. Akabaki anawaacha vijana wawili waonje kwanza, anaangalia nyusi zao. Nyusi zikipanda, kahawa nzuri. Zikikunjana, mbaya. Kisha anafyonza kwa kelele kuliko wote na kutoa hukumu.

"Sasa kuna mzigo mbovu ulipita," akasema. "Vijana walikuwa wanagombana siku hiyo, nyusi zilikunjwa tangu asubuhi, sikujua zipi ni za kahawa. Meneja ameshuku. Msimu ukifunguliwa ataupima mdomo wa kila mmoja peke yake. Peke yake, mwanangu! Hakuna nyusi za mtu."

"Na ukishindwa?" nikauliza.

"Mimi ni pua. Ukiniondolea pua, nabaki koti."

Sikumuuzia matone. Bosi alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake cha nyuma, nikamsikia anakohoa kile kikohozi cha mtu anayeona mteja anaponyoka. Tulimpeleka Mzee kwa daktari wa pua na koo. Daktari alichungulia, hakukuta nyama iliyoota wala kitu kibaya, akakuta uvimbe wa mzio, vumbi la maganda ya kahawa likiwa mshukiwa wa kwanza. Akaandika spreyi, akaamuru yale matone yaachwe. Mzee akarudi na cheti, nikamfundisha mbele ya kioo kama nilivyofundishwa, akaitikia "ndiyo, ndiyo, ndiyo," kama wanaume wanavyoitikia wakati wamekwisha kuacha kusikiliza.

Kuacha matone kulimtesa. Alilala ameketi. Lakini alivumilia, namsifu kwa hilo, halafu namwondolea sifa zote kwa kilichofuata. Kichupa ambacho kilitakiwa kimfikishe mbali, alikirudisha mapema mno kikiwa kitupu. Nyuma yake alikuwa mke wake, Mama Anjela, anayeuza ndizi sokoni Kwa Sadala. Mama Anjela haongei, anatangaza.

"Mwulize kilabuni alikuwa na nani!"

"Mzee, umepuliza mara nyingi kuliko tulivyosema?"

"Nimepuliza kama mlivyosema."

"Wewe, ndiyo," Mama Anjela akasema. "Na wenzako?"

Ikajulikana. Jioni, kwenye mbege, alitoa kichupa ajipulize. Jirani mmoja anayetiririka pua akauliza ni nini. Sasa nyie mmekulia hapa, mnajua mbege inavyonywewa. Kata moja, inazunguka. Mzee Kimaro alisimama pale dukani ananieleza kwa heshima kabisa, kana kwamba mimi ndiye sikulelewa vizuri:

"Mtu atatoa kitu chake mbele ya wazee, ajipe, akirudishe mfukoni? Huo ni uchoyo. Na kwa kuwa kitu ni changu, nilianza mimi, wasije wakadhani nimetia sumu. Halafu kikazunguka."

"Kikazunguka!" nikapiga kelele, Glori akaamka. "Ncha ile ile? Pua hadi pua?"

"Tulikuwa tunaipangusa na shati."

Nilimfokea mzee wa watu, Mungu anisamehe, nilimfokea kama mwanangu. Nilimwambia kichupa ni kama mswaki, ni cha mtu mmoja, kwamba mafua ya kilabu kizima sasa yako ndani ya kichwa chake. Nilimwambia wale wazee hawajaonwa na daktari yeyote. Mama Anjela alikuwa ananisindikiza kwa nyuma, "Mwambie! Mwambie na ya mwaka jana!" Sista Haikaeli alikuwa amejifunika uso kwa gazeti, na gazeti linatetemeka.

Akapewa kichupa kipya. Mama Anjela akakiweka mwenyewe ndani ya kabati la vyombo, kinatoka asubuhi tu, kinarudi asubuhi hiyo hiyo.

Siku zikapita na pua haikufunguka. Msimu ulikuwa unakaribia, mlimani watu wameshaanza kuchuma. Akaja tena, peke yake, na safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Mwanangu, hii dawa ni maji."

"Hebu nionyeshe unavyofanya."

Akapenga. Vizuri. Akatikisa. Vizuri. Akainamisha kichwa, akapishanisha mikono, akaielekeza ncha sikioni, vizuri, vizuri kabisa, nikaanza kukata tamaa. Kisha akabonyeza, na jamani, sauti niliyoisikia! Ilikuwa ni kama kanisa zima limevuta pumzi kwa pamoja. Mapazia ya mlangoni yalisogea, naapa. Halafu akageuka kulia, akageuka kushoto, anatafuta kitu sakafuni, akakiona kikapu chetu cha taka, akainama, akatema.

Nikachungulia kikapu.

"Mzee," nikasema pole pole, "umeionja."

Akasimama na kichupa hewani. Nyusi zake mwenyewe, zile zisizosomwa na mtu, zikapanda.

Sista Haikaeli alishikilia rafu, vichupa vya dawa ya kikohozi vikawa vinagongana. "Kimaro!" akasema akiwa analia kwa kicheko. "Na ladha yake ikoje?"

Na mzee, kwa sababu kazi ni kazi, akajibu kwa makini: "Nyepesi. Haina uchachu. Mwishoni inaacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi."

Mnaona? Huyu mtu alikuwa amefyonza vikombe maisha yake yote. Ukimwambia "vuta," mwili wake unajua kuvuta kwa namna moja tu. Neno langu la "pole pole" lilikuwa limemfikia, lakini pole pole yake yeye ilikuwa bado ni ngurumo ya kijiko cha kahawa. Dawa yote ilikuwa inapita pua kama gari lisilo na breki, inaingia kooni, na yeye anaitema kwenye ndoo. Kila asubuhi. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, kumbe alikuwa ameweka ndoo!

Nilijaribu kumfundisha upya. "Kama unanusa ua." Akalifyonza ua. "Kama unanusa chakula cha mgonjwa." Akamla mgonjwa. Nilikuwa nimekasirika na ninacheka na maziwa yanatoka, yote kwa mpigo, ndipo Glori akajigeuza ndani ya boksi, na mimi nikamwangalia mtoto, nikamwangalia mzee.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Inama. Mnuse huyu. Akiamka, umevuta kwa nguvu."

Jaribio la kwanza, Glori aliamka akipiga yowe. La pili, alifumbua jicho moja akamtazama mzee kwa dharau kubwa. Nikambembeleza, akalala, tukaanza tena. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, hakuna aliyetaka dawa, wote wanataka kuona. Mtu mmoja akasema, "Mzee, vuta kama unaiba!" Mwingine, "Kama unaiba kwa mama mkwe!" Bosi akaja mbele na kitambi chake.

"Hapa siyo kliniki ya watoto."

"Shhh!" wateja wote wakamwambia.

Na Mzee Kimaro akainama mara nyingine, mikono nyuma, akavuta pumzi ndogo, ndogo kabisa, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Glori hakutikisika. Alitoa tu povu la maziwa mdomoni. Watu wakapiga makofi bila sauti, viganja havigusani, mmeshaona kitu kama hicho?

Baada ya hapo kila asubuhi alipuliza hivyo. Siku kadhaa baadaye Mama Anjela alikuja dukani uso umemparama. Alikuwa ameamka usiku nyumba iko kimya, mume hakoromi, akamtingisha kwa mikono miwili akidhani amekufa. "Amefunga mdomo!" akatangaza, mtaa mzima ukasikia. "Anapumua kwa pua kama mtoto wa watu!" Tukashangilia. Lakini harufu bado. Nilimuuliza kila alipopita: "Kahawa?" Anatikisa kichwa. "Dagaa?" Anatikisa kichwa. Mara moja alisema alihisi kitu kama moshi kwa mbali, kisha kikaondoka. Sista alimwambia hewa hutangulia, harufu hufuata ikipenda. Hilo "ikipenda" lilimnyima mzee usingizi aliokuwa ameupata.

Siku ya kupimwa ikafika. Sikuwa na sababu ya kuwa huko. Nilikuwa kaunta, Glori mgongoni, ninamhudumia mtu wa minyoo. Mama Anjela akaingia kama mtu anayeita zima moto.

"Amekaa juu ya magunia pale uani kwa kampuni yao, hataki kuingia! Anasema anaogopa atavuta vibaya. Anasema wewe na mtoto mje mumsimamie apulize, ndipo ataingia."

Nikamtazama bosi. Bosi akanitazama.

"Mama Glori," akasema, "ukivuka huo mlango saa za kazi kwa ajili ya pua ya mtu, usirudi."

Wadogo zangu, ningeweza kuwadanganya hapa kwamba nilifikiria sana. Nilivua koti jeupe, nikalitundika juu ya yale matone yake, yakafunikwa yote. "Nenda," Sista Haikaeli akasema, tayari ameshamgeukia mtu wa minyoo. Nikavuka.

Tulikimbia. Mama Anjela mbele, vitenge vinapepea, anawafukuza watu njiani kwa sauti yake ya sokoni, mimi nyuma, Glori anarukaruka mgongoni na kucheka kile kicheko chake kipya alichokuwa amekipata wiki hiyo. Mzee tulimkuta juu ya magunia, koti la kijivu, kichupa kwenye kiganja kama kifaranga. Nilimgeuzia mgongo ili amwone mtoto. Akapenga, akatikisa, akainama, akapishanisha mikono. Nikasikiliza. Sikusikia chochote. Alikuwa amevuta vizuri kuliko mtu yeyote niliyemfundisha.

"Dawa ya leo ni ya kesho, mzee, unajua," nikamwambia. "Kilichopo ni cha siku zote ulizopuliza."

"Najua," akasema. Akaingia.

Mlinzi alinizuia mlangoni. Chumba cha kuonjea hakiingii mtu aliyepaka manukato wala poda, na mtoto alikuwa anang'aa mafuta ya nazi. Tukazunguka hadi dirishani. Lilikuwa wazi kutoa mvuke. Ndani, meza ndefu, vikombe safu, ndoo, na meneja, bwana mmoja mrefu mwenye penseli sikioni. Wale vijana wawili walikuwa wametolewa nje, wamekaa kwenye ngazi.

Mzee akachota kijiko cha kwanza. Akafyonza. Hapo sasa ngurumo ilikuwa mahali pake. Akatema. Uso wake haukusema kitu. Kikombe cha pili. Hakuna kitu. Mama Anjela alikuwa amenishika mkono, kucha zimeingia. Cha tatu, na katikati ya kuinua kijiko, Mzee Kimaro akasimama. Akainua pua juu. Akaigeuza kidogo, kama jogoo anayesikiliza.

"Meneja, kuna kitu kinanuka hapa."

Meneja akatoa penseli sikioni. "Kikombe kipi?"

"Siyo kikombe." Akageuka mzima mzima kuelekea kwetu, macho yamemtoka, anaogopa kuamini. "Ni dirishani. Ni... ni mtoto. Anayenyonya. Kibichi, cha sasa hivi!"

Nikamshusha Glori, nikafunua nepi. Yesu wangu! Mpaka mgongoni! Na mimi sikuwa nimesikia chochote, mimi mwenye pua nzima!

"Kweli!" nikapiga kelele, nimeinua ile nepi juu kama bendera. "Kweli kabisa mzee! Kweli!" Mama Anjela akapiga vigelegele, vijana kwenye ngazi wakakimbilia kuona, mlinzi akaziba pua, na Mzee Kimaro akawa anacheka kule ndani na machozi yanashuka, anarudia, "Nimemsikia! Nimemsikia mtoto!"

"Fungeni dirisha!" meneja akanguruma.

Likafungwa. Tukabaki tunaangalia kwa kioo, sauti haitoki. Nilimsafisha Glori juu ya gunia huku nimeinua shingo. Alianza tena kikombe cha kwanza. Anainama, anafyonza, anatema, anasogea, na safari hii kila kikombe anakiambia kitu, midomo inacheza, na meneja anaandika. Karibu na mwisho wa meza akasimama. Akafyonza mara ya pili. Akakisukuma kikombe kile nje ya safu kwa kidole kimoja. Meneja akakionja mwenyewe, akakunja uso, akakimbilia ndoo, kisha akampa mzee mkono na hakuuachia haraka.

Alipotoka nje tulimzunguka. "Mafuta ya taa," akasema. "Gunia lile lililala karibu na mafuta ya taa. Niko kazini, mama. Msimu wote." Vijana wake wakampongeza kwa adabu, nyusi juu kabisa.

Mimi nilitaka kuruka, na niliruka, mtoto uchi mkononi, sina kazi, sina nepi safi. Lakini mzee alikuwa ameshaacha kutusikiliza. Alikuwa anamwangalia mke wake, kichwa kimeinama upande. Akamsogelea.

"Mama Anjela. Haya mafuta unayopaka ni mapya?"

"Mapya wapi," mke akasema. "Nayapaka tangu Anjela aolewe."

Anjela ana watoto wanaosoma shule.

Mzee akasimama pale uani, katikati ya magunia, watu wanapita na mizigo. "Ni mazuri," akasema.

Na Mama Anjela, ambaye akitaja bei ya mkungu Kwa Sadala inasikika ng'ambo ya barabara, akafungua tu kitambaa alichojitanda, akamsogezea shingo.